Tathmini ya HDYO: tovuti kwa kijana anayeogopa kurithi ugonjwa wa Huntington

Shirika la vijana la ugonjwa wa Huntington, linalojulikana kwa ufupisho wake HDYO, lilizinduliwa mwaka 2012 na Matt Ellison, Mwingereza aliyekulia katika nyumba ambayo baba alikuwa akiugua ugonjwa huo. Kazi yake kubwa ni tovuti isiyotozwa ada, iliyopangwa kwa marika: kuna kurasa za watoto, za vijana walio katika balehe, za vijana waliokwisha kuwa watu wazima, na za wazazi. Naitathmini kama mtu aliyeitumia nyumbani, kwa sababu kaka yangu ana ugonjwa huo, na binti yake aliye kidato cha tatu amekuwa akiishi na hofu ya kuurithi tangu aliposikia jina lake. Neno langu kwa ufupi ni kwamba sijaona huduma nyingine inayomfaa kijana wa rika lake kuliko hii, kwamba inapaswa kusomwa mtu mzima akiwa karibu, na kwamba yapo mambo ya nyumba zetu ambayo haiyagusi, ambayo shangazi, mama mdogo au mwalimu atalazimika kuyajazia mwenyewe.

Kwa asiyeufahamu, Huntington ni ugonjwa wa ubongo ambao daktari Mmarekani George Huntington aliuandika mwaka 1872, baada ya kuona familia zilizokuwa zikipokezana ugonjwa huo kizazi hadi kizazi huko Long Island. Viungo huanza kucheza vyenyewe, mwendo unayumba, kusema na kumeza kunakuwa kazi, na mara nyingi kabla ya hayo yote tabia ya mtu hubadilika: aliyekuwa mpole anakuwa mwepesi wa hasira, aliyekuwa mchapakazi anakaa kutwa bila kuinuka. Kwa walio wengi dalili huanza kati ya umri wa miaka 30 na 50, wakati mtu tayari ana watoto. Mwaka 1993 kundi la watafiti kutoka taasisi kadhaa, waliosaidiwa sana na familia zinazoishi kando ya ziwa Maracaibo nchini Venezuela, lilitangaza kuipata jeni inayohusika, yaani kipande cha urithi chenye hitilafu inayoleta ugonjwa, kwenye kromosomu ya nne. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za kinasaba, CAG, hujirudia mara kadhaa kwa kila binadamu. Mwenye marudio 40 au zaidi ataugua akijaliwa umri wa kutosha, mwenye 36 hadi 39 huenda akaugua au asiugue, mwenye 27 hadi 35 kwa kawaida haugui ingawa idadi inaweza kuongezeka inapopita kwa mtoto, na mwenye 26 kwenda chini yuko salama. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi jeni yenye hitilafu, awe wa kike au wa kiume, kifungua mimba au kitinda mimba.

Hayo yote tovuti inayaeleza vizuri, kwa sentensi fupi na bila kumficha kijana kitu. Lakini maelezo ya kisayansi yanapatikana mahali pengi. Nilichokuwa nakitafuta mimi ni mahali panapozungumza na mtoto kuhusu hofu yenyewe, na hapo ndipo huduma hii inapozishinda kurasa nyingine nyingi nilizopitia, zile zinazoorodhesha dalili na kumwacha msomaji peke yake nazo.

Niieleze hofu hiyo ilivyo, kwa sababu mzazi asiyeijua anaweza kuidharau. Siku daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alipompima kaka yangu, binti alikuwa chumbani. Alimwona baba yake akiombwa atoe ulimi na kuushikilia nje bila kuurudisha, agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, afuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa, kisha atembee kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Tangu siku hiyo akawa anajipima mwenyewe usiku mbele ya kioo. Wifi yangu aligundua kwa sababu alimkuta bafuni ametoa ulimi, huku anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Kikombe kilichomponyoka jikoni kilikuwa dalili. Kanuni ya hesabu aliyoisahau kwenye mtihani ilikuwa dalili. Akigombana na mdogo wake, alijifungia chumbani akilia, kwa kuwa hasira za baba zilianza hivyo hivyo. Siku moja alinishika mkono akaniambia, "Shangazi, nikiutazama huu mkono nausikia unataka kucheza wenyewe." Nikamwambia, "Mwanangu, mkono wa mtu yeyote ukitazamwa hivyo utacheza," lakini niliona kwamba neno langu halikumtosha, kwa kuwa mimi ni shangazi yake na kazi ya shangazi ni kumtuliza.

Familia zenye ugonjwa huu huko Ulaya na Marekani zinalijua jambo hili kwa muda mrefu, na wanalielezea kama uwindaji wa dalili: mtu aliye katika hatari ya kurithi anauchungulia mwili wake kutwa kucha akitafuta ushahidi. Tovuti inalizungumzia waziwazi. Inamweleza kijana kwamba kuangusha kitu, kusahau, kukasirika na kujikwaa ni mambo ya kila mtu, na ya vijana wa umri wake kuliko hata ya watu wazima, na kwamba wenzake wengi wamepita katika ukaguzi huo huo wa kila siku. Binti alipoyasoma hayo alishangaa kukuta jambo alilodhani ni siri yake, na pengine ni mwanzo wa kuchanganyikiwa, limeandikwa na watu wengine kama jambo la kawaida kwa aliye katika hali yake. Hakuacha kujipima siku hiyo. Aliacha kujificha anapojipima, na baada ya hapo tukaweza kuongea.

Hapo mimi ningependa tovuti iende hatua moja mbele, imfafanulie kijana kwamba hofu yenyewe huzaa dalili zinazofanana na zile anazoziogopa. Asiyelala vizuri husahau. Mwenye wasiwasi mkubwa hutetemeka vidole, moyo humwenda mbio, chakula hakimpiti, darasani anatazama ubao bila kuona kitu. Kisha mtoto anayachukua hayo yote kama ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha kuingia, hofu inaongezeka, na kutetemeka kunaongezeka pamoja nayo. Kijana akielezwa mzunguko huu kwa utulivu ataelewa kwa nini kulala mapema na kuacha kioo kunampunguzia "dalili". Nasema hivi kwa kuwa kwa binti wetu ndilo lililofanya kazi kuliko yote, na mshauri wa afya ya akili aliyemsaidia ndiye aliyetuonyesha.

Sehemu nyingine ninayoisifu ni ile inayohusu maana ya kuwa katika hatari ya kurithi, kwa sababu inagusa imani ambazo ndugu wenye mapenzi mema huzieneza bila kujua wanachokifanya. Watu huamini kwamba ugonjwa wa ukoo huruka kizazi. Huu hauruki: asiyeirithi jeni hana cha kumpa mtoto wake, na mnyororo unakatika kwake. Wengine huamini kwamba kama kaka mkubwa ameurithi basi mdogo amepona, kana kwamba familia imegawiwa fungu lake na limekwisha. Ukweli ni kwamba kila mtoto anarushiwa shilingi yake, na ya nduguye haihusiani nayo. Imani ya tatu ndiyo iliyotuumiza sana nyumbani kwetu, nayo ni kwamba anayefanana na mgonjwa ndiye aliyerithi. Binti huyu amechukua sura ya baba yake, macho, paji la uso, hata mwendo. Tena ana jina la bibi yake mzaa baba, yaani mama yetu mimi na kaka, ambaye miaka ya mwisho ya maisha yake viungo vilikuwa vikimcheza na majirani wakasema ana pepo. Hakuna mgeni aliyeingia nyumbani asiseme kwamba binti ni baba yake mtupu, au asimwite "bibi" kwa utani kwa ajili ya jina. Maneno ya kawaida kabisa kwetu, tena ya upendo, na yeye alikuwa akiyapokea kama hukumu. Jeni ya Huntington ni moja, na zile zinazomfanya mtu afanane na mzazi wake usoni ni nyingine kabisa. Nimewaomba ndugu zangu wote waache kauli hizo mbele yake, na namwomba kila anayesoma hapa mwenye mtoto wa aina hii afanye vivyo hivyo.

Kuhusu kipimo, tovuti inasimama pale pale wanaposimama wataalamu. Miongozo ya kimataifa iliyoandikwa mwaka 1994 na kuhuishwa mwaka 2013 inashauri kwamba kijana asiye na dalili asipimwe kabla ya kufikisha umri wa utu uzima, kwa kawaida miaka 18, na kwamba hata akifikisha, uamuzi uwe wake peke yake, baada ya kukaa na mshauri wa masuala ya kurithi na kupewa muda wa kutafakari. Mzazi hawezi kumpimisha mtoto ili yeye mzazi apate usingizi. Mwanzoni jambo hili lilimkera wifi yangu, ambaye aliniambia kwamba mama ana haki ya kujua hali ya mtoto wake. Nilimwelewa. Lakini hebu fikiria binti wa miaka 16 anayeambiwa leo kwamba ana marudio 43, wakati hakuna dawa ya kuzuia ugonjwa, na huenda ana miaka zaidi ya ishirini ya kuishi bila dalili hata moja, katika nyumba ambayo kila mtu atakuwa akimtazama mikono. Majibu hayo hayafutiki. Na kama ni jibu jema, bado linakuja na uzito wake kwa aliye na ndugu wengine ambao hawajui lao. Kabla ya kipimo kupatikana, watu wengi wa familia hizi walipoulizwa walisema wangekitaka; kilipokuja, walio wengi wamechagua kutopimwa. Kijana anapaswa kulijua hilo, ili asidhani kwamba kutotaka kujua ni woga. Tovuti inamweleza pande zote mbili bila kumsukuma, na hilo ni adimu, kwa kuwa watu wazima tunaomzunguka kila mmoja wetu alikuwa na upande wake.

Niseme na lililotupata kabla hatujaijua huduma hii, ili ionekane kwa nini namna ya kumwambia mtoto ni jambo kubwa. Katika hospitali aliyogunduliwa kaka yangu, mhudumu mmoja alimwambia binti kwenye korido, mkoba wa shule ukiwa bado mgongoni, kwamba huu ni ugonjwa wa damu na yeye pia ajiandae. Hakumweleza kuhusu nusu kwa nusu, wala umri, wala kwamba kuna watoto wa wagonjwa wanaozeeka salama. Mtoto alirudi nyumbani akiamini kwamba ameshaambiwa lini atakufa. Kurasa za HDYO za wazazi zinashauri kinyume cha hayo: mtoto aambiwe mapema, kwa maneno ya umri wake, kidogo kidogo, na aachiwe mlango wa kuuliza tena, kwa sababu mtoto anayefichwa huona mwenyewe kwamba kuna kitu na hukijaza kwa mawazo mabaya zaidi ya ukweli. Nakubaliana na ushauri huo kwa moyo wote. Mwezi Mei 2017 Papa Fransisko alikutana Vatikani na familia za wagonjwa wa Huntington kutoka nchi mbalimbali, na wito wa siku ile ulikuwa kwamba ugonjwa huu usifichwe tena. Niliwasomea ndugu zangu habari hiyo, maana sisi ni watu wa kanisa, na kuna mjomba mmoja aliyekuwa akishikilia kwamba jambo hili lisitamkwe mbele ya watoto, akalegeza msimamo.

Sasa kasoro. Ya kwanza inahusu sehemu ya ugonjwa wa Huntington unaoanza utotoni, ule unaojitokeza kabla ya miaka 20. Sehemu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa kuna familia zenye mtoto mgonjwa kweli ambazo hazina pengine pa kwenda. Lakini iko wazi kwa msomaji yeyote, na kijana mwenye hofu atafika huko usiku, simu ikiwa chini ya shuka, kabla hajasoma ukurasa wowote mwingine. Binti wetu alifanya hivyo hasa. Anachopaswa kukutana nacho mwanzoni kabisa mwa sehemu ile, kwa herufi kubwa, ni kwamba ugonjwa wa kuanzia utotoni ni wa wachache sana, takriban mgonjwa mmoja hadi wawili kati ya 20; kwamba mara nyingi huendana na marudio ya juu sana, zaidi ya 60, hasa jeni inapotoka kwa baba; na kwamba kwa kawaida huonekana kwa kukakamaa kwa mwili, kuporomoka kwa masomo kwa muda mrefu na mabadiliko makubwa ya tabia yanayoonwa na walimu na wazazi, siyo kwa kidole kinachotikisika mara moja ukiwa umechoka. Mzazi amsomee mtoto sehemu hiyo mwenyewe, au amzuie kwa upole mpaka awe amepitia kurasa za rika lake.

Kasoro ya pili ni lugha na mazingira. Sisi tuliisoma kwa Kiingereza. Binti anakimudu Kiingereza cha darasani, lakini hofu haiongei Kiingereza cha darasani, na kuna aya nilizolazimika kumsimulia upya kwa Kiswahili ndipo zikamwingia. Mifano mingi ni ya nchi ambako kijana ana daktari wa familia anayemjua kwa jina, mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayekuja nyumbani, na kliniki ya masuala ya kurithi anayoweza kuandikiwa rufaa. Kambi za vijana ambazo shirika huziandaa, zinazowakutanisha watoto wa familia hizi kwa siku kadhaa, zinasifiwa sana na waliohudhuria, na ninaamini sifa hizo; ila zimefanyika mbali na kwetu, Marekani ya Kaskazini na Ulaya. Kwa mtoto anayesoma Kiswahili na kuishi wilayani, kilichobaki ni maandishi.

Na kuna jambo ambalo maandishi hayo hayawezi kulifikiria, ambalo kwa binti wetu lilikuwa kubwa kuliko kifo. Ni posa. Kwetu, kabla ya watu kuja kuposa, ukoo unachunguzwa: kuna kifafa kule, kuna wazimu, kuna aliyekufa kwa maradhi yasiyoelezeka? Msichana wa miaka 16 anajua hayo yote, amewasikia mama zake wakiyazungumza jikoni kuhusu mabinti wa wengine. Aliniuliza, "Shangazi, mimi nani atanioa?" Kurasa za tovuti kuhusu mapenzi na kupata watoto zinazungumza na mtu anayeamua lini amwambie mpenzi wake, uamuzi wa watu wawili. Hazizungumzi na binti ambaye habari zake zitabebwa na washenga, na ambaye baba yake amekwisha kuonekana na mtaa mzima akipepesuka barabarani kama mlevi. Nilichomjibu ni kwamba atakayemwoa ataambiwa ukweli, kwamba watu wazima wa familia zenye ugonjwa huu wanaoa na kuolewa kila mahali, na kwamba kama anavyostahili kutoharakishwa kupimwa, anastahili pia kutoharakishwa kuolewa. Sijui kama nimemjibu vya kutosha. Ningefurahi sana siku mmoja wa waandishi wa huduma hii atakapokaa na familia za Afrika na kuandika ukurasa wa jambo hilo.

Pia naongeza tahadhari moja ambayo familia za kwetu zinaihitaji kuliko za Ulaya: kabla mtoto hajabebeshwa hofu ya Huntington, hakikisheni kwamba mzazi amethibitishwa kwa kipimo cha vinasaba. Kucheza kwa viungo kuna sababu nyingi, zikiwemo homa ya baridi yabisi kwa watoto, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na matatizo ya tezi ya shingo, na kadhaa kati ya hizo hazirithiwi hata kidogo. Vilevile kuna ugonjwa unaofanana sana na Huntington, unaoitwa HDL2, ambao umeonekana karibu wote kwa watu wenye asili ya Afrika na umechunguzwa sana Afrika Kusini. Huo unatokana na jeni nyingine, iliyo kwenye kromosomu ya 16, kwa hiyo kipimo cha Huntington kitarudi bila kuonyesha kitu ingawa mgonjwa yuko mbele yenu. Unarithiwa kwa namna ile ile ya nusu kwa nusu. Sampuli ya kaka yangu ilibidi isafirishwe nje ya nchi, na kusubiri majibu kulituchosha, lakini nisingeshauri mtu aache hatua hiyo.

Kuhusu habari za dawa, HDYO inaeleza tafiti kwa lugha nyepesi, ila anayetaka kufuatilia kwa karibu aende pia HDBuzz, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011 na wanasayansi Ed Wild na Jeff Carroll, ambayo huchambua kila tangazo na kusema wazi lilipopigiwa chumvi. Hili lina maana kubwa kwa kijana mwenye hofu, kwa sababu matumaini yake hupanda na kushuka kwa vichwa vya habari. Mwezi Machi 2021 jaribio kubwa la tominersen, dawa iliyotarajiwa kupunguza kasi ya Huntington, lilisitishwa, na familia nyingi duniani zililia. Mwezi Septemba 2025 kampuni ya uniQure ikatangaza kwamba tiba yake ya jeni, inayoingizwa ubongoni kwa upasuaji, imepunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Binti alinipigia simu usiku akipiga kelele za furaha. Nilimwambia asome mpaka mwisho, kwamba waliopewa dozi ya juu na kufuatiliwa miaka hiyo mitatu walikuwa 12 tu na walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine. Alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hata hivyo yeye ana muda. Ana muda kweli, na hiyo ni hoja ambayo watu wazima wenye dalili leo hawana.

Niwataje na wale ambao huduma hii si yao. Vijana wengi wa kwetu wanaohofia kurithi ugonjwa wa mishipa ya fahamu wana mzazi mwenye kifafa, si Huntington. Hao wasiisome tovuti hii wakadhani nusu kwa nusu inawahusu, kwa maana walio wengi kati ya watoto wa wazazi wenye kifafa hawapati kifafa. Huko Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960, watu waliona ugonjwa ukizifuata familia fulani na kuzikimbia familia hizo. Utafiti wa baadaye umeuhusisha kwa nguvu na usubi, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na inzi wa mtoni, ambao una dawa. Mwenye mzazi mwenye ugonjwa wa Parkinson naye ajue kwamba wagonjwa walio wengi hawakurithi kutoka kwa yeyote. Kila mmoja amwone daktari wa ugonjwa wake mwenyewe.

Kwa upande wa matumizi, kurasa nyingi ni maandishi, kwa hiyo bando dogo la intaneti linatosha. Video ndizo zinazomaliza data. Sisi tulikuwa tukisoma ukurasa mmoja Jumapili baada ya misa, mimi na yeye, na simu moja, kisha anaandika maswali kwenye daftari la mazoezi. Maswali mengine nilimpelekea daktari wa baba yake, mengine tulimuuliza mshauri. Namshauri mzazi aanze na kurasa za wazazi kabla ya kumpa mtoto kiungo, kisha kurasa za maisha ya nyumbani na mzazi mgonjwa, maana huko mtoto anakuta mambo anayoyaishi leo, aibu, uchovu wa kumhudumia baba, hasira anazojilaumu kwazo. Kuhusu jeni na kipimo afike baadaye. Kijana ambaye halali kwa wiki nzima, ameacha kula au kwenda shule, au ametamka kwamba ni heri afe sasa kuliko kungoja, asiachiwe tovuti yoyote. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo hiyo, kwa kuwa mawazo ya kujiua katika familia zenye ugonjwa huu ni hatari ya kweli.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya lugha, kwa sababu ya sehemu ya ugonjwa wa utotoni kutokuwa na uangalizi wa kutosha mlangoni, na kwa sababu ya lile swali la posa. Walio na uwezo wa kutafsiri vizuri, hasa manesi na walimu wa ushauri nasaha, wawaandikie waendeshaji wa HDYO na kujitolea, wakianza na kurasa za vijana na zile za wazazi; hizo zinahitajika kwa Kiswahili kabla ya nyingine zote.